Nyumba Tupu Iliyokunywa Maji

Sura ya Sita

Watu wakienda kutazama nyumba ya kununua hugonga kuta, hufungua mabomba, huinua macho darini kutafuta alama za mvua. Uzi hakugonga chochote. Alisimama getini, mkono juu ya komeo lililoshika kutu, akavuta pumzi. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, katikati ya kiangazi, na mtaa ulinukia vilevile alivyouacha: gundi ya fundi viatu wa kona, sabuni ya nguo zilizoanikwa, vumbi lililonyunyiziwa maji ili lisitimke. Miaka tisa. Machozi yalimlenga, akajikaza kisabuni, kwa sababu nyuma yake walisimama watu watatu ambao wangeyachukua machozi hayo wakayafanya ushahidi.

Wa kwanza alikuwa mama yake, mkoba kifuani, magoti yanamuuma lakini ulimi mzima kabisa. Wa pili alikuwa kaka yake, ambaye nyumbani wanamwita Injinia, ingawa chuo alikiacha mwaka wa pili akaenda kuuza saruji na nondo. Wa tatu alikuwa dalali, ambaye kila dakika mbili aliitazama saa yake kisha akatabasamu ili isionekane kwamba ameitazama.

"Umekwisha kunusa?" mama aliuliza. "Tuingie basi. Magoti yangu hayana subira, na mwenye nyumba wa kule juu anataka jibu leo adhuhuri."

"Naingia, mama."

"Unaingia tangu tushuke garini."

Uzi halikuwa jina la kuzaliwa. Marehemu baba yake, fundi redio, ndiye aliyempa, kwa vile alikuwa mrefu na mwembamba kupita kiasi. Sasa ana miaka thelathini na mitatu na mwili umejaa panapostahili kujaa, lakini jina lilikwisha kunata. Yeye ni fundi wa sare za shule. Kwa miaka tisa ameshona kola, mikunjo na mifuko ya watoto wa watu katika mji wa mjomba wake, na kwa sindano hiyohiyo ameweka akiba ya nyumba moja. Moja tu. Akikosea hii, hakuna ya kurudia.

Na nyumba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mtaa wa juu, mtaa mpya anakokaa Injinia. Kule kuna lami, kuna taa za barabarani, nyumba zote zina rangi moja na kila geti lina kengele. Ya pili ilikuwa hii, mtaa wa zamani, nyumba waliyopanga tangu Uzi akiwa hajui kutambaa mpaka siku walipohama. Mwenye nyumba, bibi mmoja mpole, alikuwa ameifunga akaenda kuishi kwa wanawe, na hakuipangisha tena. Mwaka huu wanawe wamemshawishi aiuze.

Mtu mwingine angepiga hesabu ya vyumba. Uzi alifanya anavyofanya na vitambaa. Fundi mwenye akili hakati kitambaa kwa taa ya dukani. Hukitoa kwanza nje, akakitazama kwenye jua la asubuhi, akakitazama tena jioni, maana kuna rangi zinazodanganya. Basi alikwenda mtaa wa juu mara tatu, peke yake, asubuhi, mchana na magharibi. Mara ya tatu alijifanya kifungo cha blauzi kimemtoka, akabonyeza kengele tatu kuomba pini. Geti la kwanza kimya. La pili kimya. La tatu, sauti ilitoka kwenye kisanduku ukutani ikasema, "Hapa hatununui kitu."

Huku kwa zamani alikuja mara moja tu. Alikuwa hajamaliza hatua kumi kutoka kona pale fundi viatu alipoinua uso, akamkodolea macho, akasema, "Wewe si binti wa Fundi Redio?" Na kabla hajajibiwa alikuwa keshamsogezea kigoda. Walizungumza nusu saa. Uzi aliuliza habari za kila mtu, isipokuwa za mtu mmoja. Huyo hakuthubutu kumuulizia. Wala hakuuliza habari za mlimau wa baba yake uliokuwa nyuma ya nyumba. Kwa jua la mtaa ule, mti usio na mwenyewe hauvuki mwaka, na alikuwa hataki kuyasikia kwa masikio yake.

Walipofika barazani, Injinia alichomoa karatasi mfukoni mwa shati. Aliikunjua taratibu, kwa ile furaha ya mtu aliyeingoja saa yake.

"Hebu tusipotezeane muda," alisema. "Hii nimeitoa ofisi ya maji. Matumizi ya nyumba hii. Dada, nyumba hii haina mtu kwa miaka mingapi?"

"Tisa. Unajua."

"Tisa. Haya, angalia. Mita inatembea. Kila miezi miwili, uniti moja. Masika inapungua, kiangazi inarudi palepale. Nyumba tupu inakunywa maji ya nani?"

"Bomba linavuja," mama alisema, kama aliyefundishwa.

"Na linavuja wapi? Chini ya sakafu. Miaka tisa msingi unaloweka kama maharagwe. Utahamia leo, mwakani ukuta wa sebule unakuja kukusalimia kitandani. Mimi nauza saruji, ningekwambia nunua, nipate mteja. Lakini wewe ni dada yangu."

Uzi aliisoma karatasi. Namba hazikuwa na huruma: moja, moja, moja, pengo la masika, kisha moja tena, mpaka chini. Alikuwa amejiandaa kubishana juu ya lami, juu ya kengele, juu ya majirani. Kwa uniti za maji hakuwa amejiandaa.

"Mimi ni mkweli," dalali aliingilia, akatabasamu. "Nilipoiona karatasi hiyo nami nilishtuka. Ndiyo maana nimemwita mtu wa ofisi ya maji aje apime mbele yetu sote. Ikivuja, tumwambie bibi apunguze au tuachane nayo. Yuko njiani. Ni huyuhuyu msoma mita wa mtaa."

Uzi alimrudishia Injinia karatasi bila kuitazama tena.

"Msoma mita yupi?" mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wa siku zote, mama. Wanamwita Mita. Mara tatu amekataa uhamisho huyo, wenzake wanamcheka."

Mama na binti hawakutazamana. Injinia alisonya.

Alikuja kwa miguu, begi begani, mkononi ile ndoano ya chuma ya kufunulia vifuniko vya mita. Uzi aliitambua ndoano kabla ya mtu mwenyewe. Mvi chache zilikuwa zimeota juu ya masikio yake, na mabega yalikuwa mapana kuliko anavyoyakumbuka, lakini mwendo ulikuwa uleule, mwendo wa mtu anayejua kila shimo la barabara yake. Alifika getini, akamwona, akasimama. Ndoano ilimteleza mkononi ikalia kwenye jiwe.

"Shikamoo, mama," alisema, akiinama kuiokota.

"Marahaba, kijana." Mama alimjibu kwa nusu ya mdomo.

Akamgeukia Uzi. "Habari za siku nyingi."

"Nyingi kweli," Uzi alisema. "Nzuri."

Ndiyo hayo tu. Mtu aliyekuwa akipanga kwa miaka tisa atakachosema siku wakikutana, akiyapanga huku anapiga mashine, akiyapanga huku anatia pasi, alibaki na "nzuri."

Zamani hawakuwa wachache wa maneno. Mita alikuwa akija kusoma mara moja kwa mwezi, kama kazi inavyotaka. Kisha akaanza kuja mara mbili. Kisha kila Ijumaa, akidai eti mita ya nyumba ile inamtia wasiwasi. Baba alikuwa akicheka mpaka anaweka chini chuma cha kuchomelea. "Kijana," akimwambia, "mita yangu nzima. Kinachokutia wasiwasi kiko jikoni, kinaosha vyombo." Jioni walikaa chini ya mlimau, baba na redio zake, Mita na kitabu chake cha namba, Uzi na kitambaa cha mafunzo mapajani, na Uzi alikuwa anajichoma sindano kila Mita akimtazama. Siku moja alimshonea kiraka kwenye ukanda wa begi, kwa uzi mwekundu, akaambiwa na mama kwamba anashona kiraka hadharani bila haya.

Mama ndiye aliyekuwa hamtaki. Hakumficha. "Mwanangu haolewi na mtu anayeshinda akipiga hodi kwenye mageti ya watu," alikuwa akisema, na alikuwa akihakikisha Mita yuko karibu anaposema. Baba alipofariki, hapakuwa na wa kumjibu. Mjomba alileta lori. Siku ile Uzi alikaa juu ya magodoro, analia na kusema ovyo, maneno mengi ambayo hata hayakumbuki, akimngoja Mita aseme neno moja. Mita alisaidia kupakia kabati, akafunga kamba, akanyamaza. Baadaye Uzi alimpigia simu mara tatu. Hakupokea. Mara ya nne hakupiga, kwa sababu na yeye ana damu.

"Funga mabomba yote," Injinia aliamuru. "Jikoni, bafuni, kila mahali. Nataka nione kwa macho yangu."

"Yamefungwa," Mita alisema, "lakini kayahakikishe."

Injinia aliingia ndani na dalali. Mama aliketi kwenye ngazi ya baraza. Mita alipiga magoti kando ya geti, akakifunua kifuniko cha chuma, akakifuta kioo cha mita kwa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na kinyota chekundu, kidogo kuliko kifungo cha shati.

"Hiki ndicho cha kutazama," alieleza, bila kumtazama. "Maji yakipita hata tone, kinazunguka. Bomba likivuja chini ya sakafu hakiwezi kunyamaza. Tunakipa dakika kumi."

Uzi alichuchumaa upande wa pili. Vichwa vyao vilikuwa karibu kuliko ilivyolazimu. Alinusa sabuni ileile ya mche.

"Unasoma na mtaa wa juu siku hizi?" aliuliza, macho kwenye kinyota.

"Miaka minne sasa."

"Ni mtaa gani?"

"Mzuri. Barabara haina shimo. Maji yana nguvu. Mvua ikinyesha huloi matope."

"Hujaniambia kitu."

"Nimekwambia ukweli."

"Umeniambia anachoniambia dalali."

Mita aliukuna ukingo wa sanduku la saruji kwa ndoano yake. "Nikisema ni mtaa mbaya, utaona nakuvutia huku. Na mama yako atasema hivyo kwa sauti."

"Kwani mimi navutika?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Uzi alijutia swali lake na hakulijutia.

"Kule," Mita alisema polepole, "watu nawajua kwa namba za mita. Nikikutana nao sokoni siwatambui. Huku mita nazijua kwa majina ya watu. Hii ya fundi viatu. Ile ya mjane wa mshona magodoro. Hii hapa ni ya Fundi Redio. Hayo ndiyo ninayoyajua. Ya lami muulize kaka yako."

"Na ukihitaji pini?"

"Pini?"

"Basi, tuache."

Kinyota kilikuwa kimetulia. Dakika tano, saba. Uzi alikitazama mpaka macho yakamwuma, akaogopa hata kukipumulia. Injinia alirudi, akainama juu yao, mikono magotini. Dakika ya kumi ilipita. Injinia akadai nyingine tano, akapewa. Kinyota chekundu hakikutikisika.

"Haivuji," Mita alisema, akasimama, akipangusa magoti.

Uzi alitaka kucheka kwa furaha. Lakini Injinia si mtu wa kushindwa mbele ya dada yake. Alikung'uta ile karatasi.

"Haivuji. Sawa. Basi nieleze hizi uniti. Msomaji ni wewe, jina lako liko hapa chini, kila mwezi. Nyumba tupu, bomba zima, maji yamekwenda. Ama unabuni namba kwa uvivu wako, ama kuna kitu unatuficha. Lipi?"

Mita alirudisha kifuniko cha chuma mahali pake.

"Mimi Jumatatu niko ofisini kwenu. Nitawaonyesha. Kubuni namba ni kufukuzwa kazi, nadhani unajua."

"Najua."

"Basi sema."

Dalali aliacha kutabasamu. "Ndugu yangu," alimwambia Mita kwa kubembeleza, "useme tu. Bila maelezo hapa hakuna biashara. Siwezi kumuuzia mtu nyumba yenye fumbo."

"Sikubuni," Mita alisema. "Kila namba niliyoandika ndiyo iliyokuwa kwenye mita. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Ufunguo wa geti ulikuwa nao nani?"

"Mimi. Bibi alinipa, niweze kuingia kusoma."

"Ahaa." Injinia alimgeukia mama yake, kisha dada yake, na alichosema alikisema taratibu ili kimfikie. "Nyumba tupu, ua mkubwa, ufunguo mfukoni. Mwanamume anaoga, mgeni wake anaoga. Hizo ndizo uniti zenu."

"Injinia," mama alimkemea. "Mdomo wako."

Lakini lilikuwa limekwisha kuchoma. Uzi alimtazama Mita, akimwomba kwa macho akanushe. Mita aliangalia chini. Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya, na Uzi aliona haya ile akaifasiri vibaya, kama mtu yeyote mwenye wivu angefanya. Miaka tisa amekataa posa moja na kuirudisha nyingine, akimlinganisha kila mwanamume na huyu. Na huyu kumbe alileta wageni wake humuhumu, kwenye nyumba ya baba yake. Mtaa wote uligeuka ukawa mtaa wa kawaida, wenye vumbi na kuta zilizochubuka. Huko juu angalau hakuna anayemjua.

"Mwambie mwenye nyumba wa kule jibu linakuja," alimwambia dalali, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. "Nipe dakika moja tu."

Alizunguka nyuma ya nyumba kwa sababu hakutaka kaka yake ayaone machozi yake. Alipita dirisha la jikoni, akapita ukuta ambao baba alikuwa akimpimia urefu kwa mkaa. Akageuka kona.

Mlimau ulikuwa umesimama.

Haukuwa umesalia tu. Ulikuwa umenenepa, umepanuka, umefunika robo ya ua, na ulikuwa wa kijani kibichi katikati ya kiangazi ambacho kimekausha hata nyasi za majirani. Malimau yalikuwa yameinamisha matawi. Kuzunguka shina palikuwa na ukingo wa udongo uliotengenezwa kwa mkono, safi, bila jani la gugu. Uzi aliinama akagusa. Udongo ulikuwa na unyevu. Kando ya bomba la nje palikuwa na ndoo ya buluu, imepinduliwa vizuri ili isiingie takataka. Mpini wake ulikuwa umekatika zamani ukafungwa kwa ukanda wa begi, na kwenye ukanda ule kulikuwa na kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

Alikaa pale muda ambao hakuujua. Kisha alichuma limau moja, akarudi mbele.

Wote wanne walikuwa palepale. Injinia alikuwa bado anaongea. Uzi alimpita, akasimama mbele ya Mita, akamwonyesha limau kwenye kiganja.

"Ni wewe?"

Mita alitikisa kichwa kukubali.

"Kila wiki?"

"Jumapili. Ndoo sita. Masika naziacha." Alikohoa. "Na maji nimeyalipia mwenyewe, bibi anajua. Lakini ofisini hatuna ruhusa ya kufungua bomba la mteja, hata kama amekubali. Ndiyo maana nilinyamaza. Hiyo, na..." Hakumaliza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliuliza."

"Niliuliza nini mimi?"

"Siku ya lori. Ulikuwa juu ya magodoro. Ulisema, nani atamwagilia mlimau wa baba. Uliuliza mara mbili." Alimeza mate. "Hakuna aliyekujibu."

Injinia aliikunja karatasi yake. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaanza kuitazama barabara kwa makini makubwa. Uzi hakumwona. Machozi yaliyokuwa yanamlenga tangu asubuhi yalikuja bila kuomba ruhusa, na yalikuja na hasira, maana hasira nayo ilikuwa na miaka tisa.

"Mti uliukumbuka," alisema. "Jumapili ndoo sita. Mimi nilikupigia simu mara tatu, Mita. Mara tatu. Nilikaa na ile simu kwenye mashine ya kushonea, nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Hukupokea."

"Nilikuwa nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Mita alifunga mdomo. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na kwa wakati ule Uzi alitamani kumpiga kwa limau.

"Mimi," mama alisema kutoka ngazini.

Wakamgeukia. Alikuwa ameuweka mkoba chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya nyumba yake. Alionekana mdogo.

"Siku mbili kabla ya lori nilimfuata kazini. Nikamwambia kama anakupenda kweli akuache ukajifunze kazi yako, usije ukazeekea getini ukimngoja arudi na vumbi. Nikamwambia asikupigie, asikuandikie, asikutafute. Nikamwapisha. Nilidhani baada ya mwezi atakuwa amepata mwingine, na mimi nitakuwa nimeonekana mwenye akili."

"Sikumtafuta, mama," Mita alisema.

"Najua hukumtafuta. Ndiyo inayoniuma." Mama alijifuta pua kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Na mti je? Mti haukuwemo kwenye kiapo?"

"Mti hukuutaja."

Kitu kilimtoka mama kifuani ambacho kingekuwa kicheko kama kisingekuwa na kilio ndani yake.

"Mliamua ninyi wawili," Uzi alisema. "Mkakaa chini mkanipima, mkanikata, na hakuna aliyeniuliza vipimo vyangu. Siwezi kuwasamehe leo kwa sababu ya limau."

"Usinisamehe leo," mama alisema. "Mimi nina muda. Wewe kijana, una mke?"

"Sina."

"Kwa nini?"

Mita alifikiri, kwa uaminifu, kama aliyeulizwa namba. "Jumapili zangu zina kazi."

Dalali, ambaye alikuwa ameuza nyumba nyingi lakini hakuwahi kuona mauzo ya namna hii, alikohoa kwa adabu. Simu yake ilikuwa imekwisha kulia mara mbili. "Samahanini sana. Yule wa mtaa wa juu ananipigia. Nimwambie nini?"

Wote walimtazama Uzi. Uzi aliitazama nyumba: rangi iliyobabuka, paa lenye bati mbili za kubadilisha, baraza alilojifunzia kutembea. Kutoka kona ilikuja sauti ya nyundo ya fundi viatu. Jirani wa kushoto alikuwa amechungulia juu ya ukuta kwa muda sasa bila hata kujificha, na alipoona ameonekana aliwapungia mkono.

"Mwambie aiuze kwa mwenye kupenda kengele," Uzi alisema. "Mimi nachukua hii."

"Dada, lakini lami..." Injinia alianza.

"Uza saruji yako, kaka. Nitahitaji mifuko minane."

Injinia alifungua mdomo, akaufunga. "Minane ni michache," alisema mwishowe. "Bafu lile linataka kumi."

Ilibaki karatasi. Mtu wa ofisi ya maji akipima nyumba inayouzwa lazima ajaze fomu, dalali aiweke kwenye faili. Mita alichomoa kitabu chake, akakiegemeza kwenye nguzo ya geti, akaandika namba ya mita, akaandika kwamba haivuji. Uzi alisimama ubavuni mwake, akaona kurasa zilizotangulia. Kila mwezi, kwenye nafasi ya maelezo, kwa mwandiko uleule wa kulalia kushoto, kulikuwa na maneno mawili: Nyumba tupu. Na chini yake, kwenye idadi ya wakazi, sifuri. Aliona sifuri nyingi sana.

"Wakazi wa sasa," Mita aliuliza, kalamu juu ya karatasi. "Niandike wangapi?"

"Wawili," Uzi alisema. "Mimi na mama."

"Andika watatu, mwanangu," mama alisema kutoka ngazini.

Kalamu ilisimama. Mama hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita kijana tangu alipokuwa kijana kweli, na alikuwa akilitamka neno lile kama mtu anayefunga geti. Mita alimtazama mama, kisha akamtazama Uzi, na hakuandika.

"Sibuni namba," alisema kwa sauti ya chini, ya kumfikia Uzi tu. "Hata hiyo. Mpaka niisome mwenyewe."

Uzi alikuwa bado na machozi mashavuni, bado ana hasira, bado ana limau mkononi. Alijipangusa uso kwa kiwiko. Akasogea mpaka akawa mbele yake kabisa, akainua kidevu, asimfiche kitu.

"Basi soma," alisema.

Mita alimtazama kwa muda mrefu, hata jirani aliyekuwa juu ya ukuta akaacha kutafuna. Kisha aliinamia karatasi, akaandika tatu.